Ukitaka kuandika kitabu cha macho yako, usianze na giza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa binti mmoja wa Singida. Alinipa shikamoo mara mbili, akaomba radhi kwa kunisumbua usiku, ndipo akafunguka: ana presha ya macho, ile wanayoiita glakoma hospitalini, jicho la kushoto limeshakwisha, la kulia linafuata, na kitabu changu alisomewa na shoga yake chuoni. "Mwalimu, na mimi nataka kuandika maisha yangu. Nimeanza na 'giza nene lilitanda katika maisha yangu', nikaishia hapo hapo. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu. Umekwama kwa sababu hilo giza si lako. Umeliazima kwa watu wanaoona.

Nilimjibu kwa sauti, maelezo marefu mpaka simu ikapata moto. Baadaye nikaona niyaweke hapa, maana tangu kitabu kitoke mwaka jana karibu kila mwenye matatizo ya macho anayenipigia anataka mambo mawili: jina la dawa na namna ya kuandika kitabu. Dawa muulize daktari. La kitabu nalijua mimi, na nitalisema bila kujinyenyekeza, kwa sababu nimelilipia. Na wewe unayesoma hapa usijifanye halikuhusu. Hakuna mtu anayepoteza macho ukubwani ambaye hana kitabu kifuani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa mwalimu wa Jiografia, sekondari, hapa hapa Morogoro. Dalili zangu za kwanza waliziona wanafunzi. Wale wa upande wa dirisha walilalamika kwamba mwalimu ana ubaguzi, wananyoosha mikono mpaka inakufa ganzi, hawachaguliwi. Nikawaambia wanyooshe vizuri. Mtaani Kihonda nikapata sifa ya kuringa: mtu ananipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, mimi huyo napita zangu. Nyumbani milango ya kabati ikaanza kunipiga usoni. Nikasema ni uchovu, kisha nikasema ni miwani. Mwaka 2010 nikaenda kupima miwani. Daktari akapima presha ya macho, akapima tena, akamwita mwenzake. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Yangu ilikuwa imepita 30, macho yote mawili.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni na matone, matone na foleni, na kitabuni nimeifunga kwa kurasa chache. Nakushauri nawe uifunge. Msomaji hana sababu ya kukaa nawe kwenye benchi la kliniki muda wote uliokaa wewe.

Ila kuna jambo moja la kliniki nililiandika kwa urefu, na ndilo nililompa binti wa Singida kama mfano. Kipimo cha upana wa kuona. Unakalishwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, unaingiza uso ndani ya bakuli kubwa jeupe, kidevu kinakaa juu ya kishikio, jicho moja limezibwa. Mkononi una kitufe. Unakodolea nukta ya katikati bila kuhamisha jicho, na kila kimwanga kikimulika pembeni unabonyeza. Basi mashine ile ilikuwa na kelele ndogo ndani yake, tk, kila inapojiandaa kumulika. Nikawa nasikia tk, nangoja, hakuna kitu. Tk, hakuna. Tk, tk, tk. Kidole kiko juu ya kitufe, kimetulia. Daktari hajachapa hata karatasi, nami nimeshajua nisivyoviona ni vingi kiasi gani, kwa kuvihesabu kwa masikio.

Sura nzima imetoka kwenye ile tk.

Sasa turudi kwenye giza. Presha ya macho, kwa wengi wetu, haileti weusi. Ubongo unajaza pengo kwa kile kilicho jirani, na wewe unaamini umeona. Unasimama karibu na stendi ya Msamvu, unaiona barabara nzima, safi, haina tundu wala kivuli, isipokuwa bodaboda haimo. Halafu ghafla imo, iko magotini kwako, na dereva anamtukana mama yako. Ndiyo maana ugonjwa huu unakuibia muda mrefu kabla hujaenda kuripoti. Sehemu kubwa ya neva ya jicho inakuwa imekufa, na iliyokufa hairudishwi na dawa wala upasuaji. Kinachopiganiwa ni kile kilichobaki. Haya ni mambo ya kweli na ni ya kutisha kuliko giza lolote, lakini ukimpa msomaji giza atasema "maskini" na kufunua ukurasa. Mpe bodaboda isiyokuwepo. Mpe mlango wa kabati. Mpe wanafunzi wa dirishani waliodhani unawachukia.

Na anza kuyakusanya leo. Wengi mnaniambia mnangoja mtulie kwanza. Utatulia lini? Macho yakikwisha utakuwa umesahau yalivyokuwa yanakwisha. Mimi nina kaka mmoja wa ukoo aliyepoteza macho yote kwa ugonjwa huu huu; ukimuuliza ilikuwaje, anajibu "yalipotea tu". Miaka chungu nzima ya maisha ya mtu, yamebaki maneno mawili.

Sura ambayo watu wanaizungumzia zaidi ni ya Loliondo. Mnakumbuka 2011, nchi nzima ilikuwa inaelekea kijiji cha Samunge, kwa yule mchungaji mstaafu tuliyemwita Babu, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Familia ilikaa kikao, ikachanga, shangazi yangu akateuliwa kunisindikiza. Tulikodi Noah, tukachepuka Mto wa Mbu, lami ikaishia hapo, na kuanzia hapo ni vumbi, mawe na maombi. Tulipoikuta foleni tuliikuta mbali sana na kijiji. Magari yamepangana, watu wanalala humo humo, wengine chini ya magari, wagonjwa wa kila aina, matajiri na sisi. Mama mmoja wa Mwanza alikuwa anauza maji ya kunawa kwa kikombe. Vumbi liliingia machoni mwangu mpaka nikawa nayafungua kwa vidole.

Nilikuwa nimeficha chupa ya matone ndani ya soksi. Shangazi alishasema wazi garini kwamba kuchanganya dawa za hospitali na kikombe ni kukosa imani, na abiria wote wakaitika amina. Kwa hiyo nilingoja usiku, wakianza kukoroma, naegemeza kichwa kwenye kiti, navuta kope la chini, tone moja, halafu nabana kona ya jicho karibu na pua kama nilivyofundishwa, ili dawa isishuke kooni. Gari limejaa, kiwiko cha mtu kiko ubavuni mwangu, kubana vizuri haiwezekani. Inashuka. Ina uchungu wa aina yake, unakaa nyuma ya ulimi mpaka alfajiri. Nilikuwa nakohoa kidogo kuusukuma.

Kikombe nilikunywa. Tukarudi Morogoro.

Mhariri mmoja niliyempelekea mswada alinipigia simu kuhusu sura hiyo. Alisema haijachagua upande. Ama niseme nilipona, ama niseme nilidanganywa, msomaji hawezi kuachwa hewani. Na mwisho wa kitabu, akasema, hauna machozi. Angependa nimalizie na muujiza, au basi angalau na shukrani kwa Mungu kwa kuniondolea macho ili nione kwa moyo. Mwanamume mwenye macho mawili mazima ananiambia nishukuru kuondolewa yangu! Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Mswada niliuchukua, nikaupeleka kwingine, na kama anasoma hapa, ajue nakala za kwanza zimekwisha.

Sura ile inahusu chupa kwenye soksi. Inahusu mwanamke mtu mzima, mwenye shahada, anayefundisha watoto wa watu tofauti ya hali ya hewa na tabia nchi, anayemwogopa shangazi yake ndani ya Noah. Mwenye kutaka kupima imani yangu apime ya kwake.

Kabla hakijachapwa, nilimsomea shangazi sura hiyo. Hili nalo lishike: kila uliyemwandika, msomee kabla kitabu hakijatoka. Usimwombe ruhusa ya kila mstari, lakini asije akajisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa jirani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kimya. Halafu akasema, "Ulikuwa unakohoa kila usiku saa ile ile. Na soksi moja ina nundu. Ulidhani nimelala?" Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, ungeacha dawa." Nikauongeza mstari huo kitabuni neno kwa neno, na ndio mstari unaowaliza watu, bila muujiza wa mtu yeyote.

Tatizo kubwa kwetu ni kwamba mtu asiyeona akishika kipaza sauti, wanaomzunguka wameshaamua atasema nini. Kanisani wanataka ushuhuda. Kwenye semina wanataka uwatie moyo vijana wenye macho, wajione wana bahati. Ofisini wanataka umshukuru mgeni rasmi. Ukizoea kupigiwa makofi kwa maneno hayo, utayaandika, na kitabu chako kitafanana na cha jirani yako. Mimi nilikua nikisikia mapigo ya ngoma yanayotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Kila nyumba iliyajua. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, fundi wa kupiga ngoma nyingi kwa mikono yake miwili, na mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba alikuwa haoni. Mtu alisikika kwa kazi yake kwanza. Ukiandika, weka kazi yako mbele namna hiyo: kama ulishona, tuambie unavyotunga uzi sasa, kama ulifundisha, tuambie ulivyofuta ubao.

Au mchukue Henry Wanyoike wa Kenya. Wakisimulia dhahabu yake ya mita 5,000 kwenye Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, hakuna anayeanza na uvumilivu wala ndoto. Wanaanza na mwongozaji wake, anayeona, aliyekuwa ametoka kuugua malaria na kuishiwa nguvu njiani, na Wanyoike asiyeona ndiye aliyemkokota hadi kwenye utepe. Kamba moja, watu wawili, nani anamwongoza nani. Hapo huhitaji kuhubiri.

Kama neno "mimi" linakuwia zito, liache kwanza. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza macho utotoni kwa tiba ya hovyo na baadaye akawa Waziri wa Elimu, alisimulia maisha yake kana kwamba anamzungumzia kijana mwingine kabisa, tena kwa kumtamkia mtu aandike. Sura zangu za kwanza nami nilimwita "mwalimu yule". Zilikuwa rahisi kutoka. Nilibadilisha baadaye.

Hapo kwenye kumtamkia mtu ndipo nina neno kali.

Kuna kipindi nilikuwa sisomi tena herufi, na sijajifunza njia nyingine. Nikawa mtu wa kusomewa. Ikaja barua ya mwajiri, ya kunitoa darasani na kunipeleka maktaba ya shule, nikakae na vitabu nisivyoweza kuvisoma. Mwenzangu wa ofisini alinisomea. Alisoma vizuri, sauti ya utangazaji, akasimama kwenye kila nukta. Ila aliruka mstari mmoja, ule uliosema kwamba nisiporidhika naweza kukata rufaa, na muda wa kufanya hivyo. Nilikuja kuujua mwanangu alipokuwa akinisomea makaratasi ya zamani, tukitafuta hati ya kiwanja, na muda umeshapita kitambo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi kazini. Nilikuwa na nakala yake kabatini, imechapwa kwa herufi ndogo. Darasa ambalo ningelipigania alilichukua yeye. Pengine aliruka mstari kwa bahati mbaya. Kitabuni nimempa nafasi hiyo. Moyoni bado.

Kwa hiyo, mwanangu wa Singida, na nyote: usikubali macho ya mtu mwingine yawe mlango pekee wa maneno yako. Jifunze kusoma upya wewe mwenyewe, hata kama bado unaona kidogo. Hasa kama bado unaona kidogo, kwa sababu ni rahisi kujifunza ukiwa na pa kuchungulia. Simu yako ya Android ina TalkBack ndani yake, programu inayokusomea skrini kwa sauti, hununui. Unatelezesha kidole kulia, inasoma kinachofuata. Unagonga mara mbili, inafungua. Siku za mwanzo nilitaka kuitupa. Sauti iliyokuwamo ilikuwa ya Kiingereza, inasoma Kiswahili kama mmisionari aliyeshuka melini jana, ujumbe wa mwanangu "mama umekula" nikausikia mara tano sijauelewa. Mpaka kijana mmoja wa fundi simu aliponiwekea sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio. Nililia pale pale kibandani. Kwenye kompyuta ipo NVDA, kazi yake ni ile ile, nayo ya bure. Siku hizi nimeiongeza kasi mpaka wajukuu wanadhani redio imeharibika.

Haitatatua kila kitu. Menyu za kutuma pesa bado zinajifunga kabla simu haijamaliza kunisomea chaguo la nne, naanza upya, zinajifunga tena, na foleni nyuma yangu inaguna. Namba ya siri nayo inaweza kutajwa kwa sauti mbele ya wakala na mteja wake, kwa hiyo vaa spika za masikioni, au jifunze kuzima sauti kwa haraka. Noti nazikunja kila moja kwa mkunjo wake, elfu kumi mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili ziko wima, na nikirudishiwa chenji namwuliza konda kwa sauti ya kusikika na wenzangu wote: "Hii ni shilingi ngapi?" Mbele ya abiria wengi wanasema kweli. Haya yote nimeyaandika. Wasomaji wanaoona waliniambia sura ya chenji iliwauma kuliko ya hospitali.

Sasa kuandika kwenyewe. Rekodi sauti. Siku ile ile, kabla hujalala, likiwa bado la moto: mtu aliyekuvusha barabara ambayo hukutaka kuvuka, mhudumu wa mgahawa aliyemuuliza mwanao "mama anakula nini?" wakati mama yuko hapo na mdomo anao. Rekodi. Mwanzoni mwa kila sauti taja tarehe na mahali ulipo, maana baada ya muda utakuwa na rundo la mafaili yasiyo na majina na utasikiliza yote ukitafuta moja. Kisha siku yenye utulivu ndipo unaandika. Mimi nilijaribu kuiambia simu iandike ninavyosema. Inaandika, lakini bila nukta wala mkato, na ikikosea haikuambii. Nikaamua kuchapa kwa vidole, herufi moja moja, nikisomewa na simu. Polepole sana. Lakini hakuna mstari uliorukwa.

Nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, nilijifunza mwisho, na nilijifunza vibaya, kama wote wanaoanza na vidole vya ukubwani. Kwa kibao na stailasi, yaani kijiti chenye ncha, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, halafu unageuza karatasi ndipo unasoma kutoka kushoto. Watoto wanaoanzia shule kama Buigiri, kule Dodoma, vidole vyao vinakwenda vyenyewe. Mimi bado napapasa. Lakini zinanitosha kuweka alama kwenye chupa za dawa, nisichanganye ya asubuhi na ya usiku, na zilinitosha siku ya uzinduzi. Nilisimama mbele ya ukumbi na karatasi zangu nene, mkono wa kulia unasoma chini ya meza, uso umewaelekea wageni. Mwenyekiti wa shughuli akatangaza kwamba mwalimu amekariri hotuba nzima, ukumbi ukapiga makofi. Nikamsahihisha. Nikainua karatasi juu wakazione. Mkuu wangu wa shule wa zamani alikuwa kiti cha mbele, nimeambiwa.

Niwaonye na kuhusu uchapaji, kwa sababu hapa ndipo nilipokasirika kuliko mahali popote. Mchapaji alinitumia kitabu kilichopangwa, akaniambia nikipitie nitoe idhini. Nikafungua. Simu ikasema: "Picha." Nikateleza kulia. "Picha." Kurasa zote alizigeuza picha, hakuna herufi hata moja inayosomeka. Kitabu changu mwenyewe, kinachohusu kutoona, mimi nisikisome! Nikampigia, akasema ndivyo wanavyofanya kwa wateja wote na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilimwambia hatoi nakala hata moja mpaka faili lisomeke. Tulivutana. Likasomeka.

Dai hilo kabla ya kulipa chochote. Na faili lako lenye herufi litunze, lipeleke kwa wenzetu wa Chama cha Wasioona, wape na maktaba. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, Kenya ilitangulia 2017, na mkataba huo unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili yetu bila kwanza kuhangaika na ruhusa ya mwenye haki. Ruhusa si kitu kama hakuna faili la kugeuzwa. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Usimlipe mtu wa kati akakuambia ni jambo gumu.

Faida? Nilirudisha gharama, nikabakiwa na hela ya kubadilisha simu. Anayekwambia kumbukumbu za maisha zitakujengea nyumba anakuuzia semina. Lakini nimeitwa vyuoni, nimelipwa nauli na posho, na nimekaa meza kuu kwa kitabu changu, hali wale walionihamishia maktaba wamekaa wanakokaa. Sisemi ni kisasi. Nasema mtu akifunga mlango, andika lile bawaba linavyolia. Na nyinyi mnaojihurumia kila siku kwenye makundi ya WhatsApp, mnatuma picha za mishumaa na machozi, acheni. Mna simu mkononi. Ina kinasa sauti. Bonyeza.

Binti wa Singida aliniuliza swali la mwisho ambalo sikulitegemea: aanze na sura ipi. Nilimwambia aanze na ndugu zake. Presha ya macho inatembea kwenye damu. Mwenye ndugu wa tumbo moja anayeugua yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu wa kawaida, na haiumi, kwa hiyo anajiona mzima. Kabla hajarekodi chochote awapigie wote, awaambie wakapimwe presha ya macho, na wakibisha arekodi wanavyobisha. Itakuwa sura nzuri.

Mimi wa kwangu wamekwenda, isipokuwa mdogo wangu wa mwisho. Anaishi Kigamboni, anaendesha gari, na anasoma ukurasa huu kimya kimya akidhani sijui. Nilimwandika sura nzima, pamoja na ile siku aliyogonga geti lake mwenyewe upande wa kushoto akasema ni breki. Mama alisomewa akaniomba niitoe, nikaitoa. Faili ninalo bado, linasomeka vizuri, na mchapaji ananiuliza toleo la pili liwe na kurasa ngapi. Nimemwambia angoje mpaka Desemba, nione kama mdogo wangu ataniletea karatasi ya kliniki.